Mzee Anakimbilia Wapi?

Katika nchi ya Waha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mtu mzima anayekimbia barabarani hudaiwa maelezo. Mtoto akikimbia hakuna anayemwuliza. Ametumwa, anacheza, au amechelewa shule. Kijana akikimbia watu humtazama mara moja tu, kwani huenda anawahi mpira au basi. Lakini mwenye mvi akipita mbio, majembe husimama. Ama kuna msiba, ama kuna mwizi, ama kuna moto, ama kuna jambo ng'ambo ya mpaka. Nimekimbia katika barabara hizi tangu mwaka 1992, nilipokuwa na umri wa miaka 41, na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote halikuwa la kilomita wala la saa. Lilikuwa hili: "Mwalimu, kuna nini huko utokako?"

Swali hilo si la ushamba, na wala si la utani, ingawa mara nyingi huulizwa kwa kicheko. Lina historia ndefu nyuma yake. Miguu ya watu wa Uha imefanya kazi nyingi katika muda wa karne moja na nusu, na karibu zote zilikuwa kazi za kulazimishwa, za njaa, au za hofu. Mtu aliyekwenda mbali kwa miguu kwa kupenda tu, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu, hakuwapo katika hesabu. Ndiyo maana mzee akikimbia kwa ajili ya kukimbia tu, jamii haijui imweke katika fungu gani.

Nianze na misafara. Njia kuu ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii, na watawala wa Uha walijulikana kwa kutoza hongo, neno ambalo zama hizo lilikuwa jina la ushuru wa mwenye nchi, si rushwa kama tunavyolitumia leo. Novemba 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alilipa hongo Uha hadi akaona mali itamwishia, na mwishowe akawatorosha watu wake usiku, wakapita porini kimya kimya. Katika mizigo yake ulikuwamo mfuko wa barua za Livingstone uliotoka Zanzibar Novemba 1870. Mwaka mzima, barua kufika Ujiji!

Naitaja habari hiyo kwa sababu wapo wanaopenda kusema kwamba babu zetu walikuwa wakimbiaji hodari. Mimi sikubali. Babu zetu walikuwa watembeaji hodari, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 kichwani au begani hakimbii. Huondoka kabla ya jua, hutua kabla jua halijawa kali, na kesho huondoka tena. Ujuzi wake wote ni kutomaliza nguvu leo. Msomaji aliweke neno hilo akilini, maana nitalirudia nitakapofika kwenye magoti.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 haikuwaondolea Waha kutembea. Iliwabadilishia tu mwisho wa safari. Chini ya Waingereza nchi hii ikawa kisima cha vibarua. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye mkonge, Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuandikisha watu, kilichoitwa SILABU, na Uha ilikuwa mojawapo ya nchi kilikochota manamba. Wazee niliowakuta utotoni walihesabu umri wao kwa safari za mkonge: huyu alizaliwa nilipokuwa mara ya kwanza, yule niliporudi mara ya pili. Walikuwa na ndama za miguu zilizokaza kama kamba ya katani, na hakuna hata mmoja niliyepata kumwona akikimbia. Nguvu za miguu zilikuwa mali, na mali haichezewi.

Tena si manamba peke yao. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa upande wa Kibondo walihamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya homa ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na kaya zilizokuwa zimetawanyika migongoni mwa vilima zikawekwa katika vijiji, vingi vikiwa kandokando ya barabara. Mema na mabaya ya operesheni hiyo yamejadiliwa na wengine, nami sitaingia humo. Nitasema jambo moja dogo ambalo sijaliona likiandikwa popote: tangu wakati huo mkimbiaji wa Uha hana faragha. Barabara nzuri ya kukimbilia ndiyo hiyo hiyo yenye nyumba pande zote mbili, na kila nyumba ina mlango, na kila mlango una macho.

Kizazi changu ndicho cha kwanza hapa kukimbia kwa saa, kwa mstari na kwa filimbi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na baada ya 1966 wasomi nao wakaingizwa kwa mujibu wa sheria. Kutoka makambini mchakamchaka uliingia mashuleni, hasa baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na ukawa sehemu ya asubuhi kama vile kufagia uwanja na kukaguliwa kucha. Mtanzania yeyote wa makamo anaujua: giza halijatoka, umande miguuni, mwimbishaji yuko mbele au pembeni, na wote wanaitikia huku nyayo zikipiga chini kwa pamoja. Ulazima wa JKT ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, lakini wimbo haukupata kusitishwa.

Mwaka huo wa 1967 lilitokea pia jambo ambalo naona lilifungua mlango fulani. Oktoba, Mwalimu Nyerere, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Vijana wengi walifanya matembezi ya namna hiyo, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki akiwa safarini. Mambo ya siasa tuyaweke kando. Kwa watu wa vijijini ilikuwa ajabu kusikia kwamba mtu mzima, tena mkubwa wa nchi mwenye gari lake, amekwenda mbali kwa miguu pasipo kulazimishwa na mtu na pasipo mzigo kichwani.

Narudi kwenye mchakamchaka, kwa kuwa ndio shule yetu sote, wazuri na wabovu. Ulituachia urithi wa aina mbili. Urithi wa kwanza ni mkia. Katika kambi moja niliyopitia, aliyebaki nyuma alirudishwa mwanzo, au alirukishwa kichura, au kundi zima liliadhibiwa kwa ajili yake, ili kuruta wenzake wamalizane naye usiku bwenini. Tukajifunza kwamba kukimbia ni kutokuwa wa mwisho. Wengi wa rika langu walipotoka kambini walivua raba wakaapa kwamba miguu yao haitakimbia tena katika maisha haya, na wametimiza kiapo. Ukimwalika mtu wa miaka 60 akimbie nawe, si uvivu unaomkataza. Ni sauti ya afande.

Urithi wa pili ni wimbo. Huwezi kuimba huku unahema kama mbwa wa mawindo. Kwa hiyo mchakamchaka wenyewe, afande asipokuwa na hasira, una mwendo wa kadiri: mwendo ambao mapafu yanatosha kwa miguu na kwa sauti pia. Hatukuujua wakati huo kuwa ni elimu. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, huko Auckland, New Zealand, kocha Arthur Lydiard alikuwa akiwafundisha wanaume wa makamo, baadhi yao waliokwisha kuugua moyo, kukimbia polepole kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Mwishoni mwa mwaka 1962 alitembelewa na kocha wa Kimarekani, Bill Bowerman, mwenye umri wa miaka 51, na katika matembezi hayo ya mbio Bowerman akaachwa nyuma na mzee wa zaidi ya miaka 70. Alirudi kwao Oregon akaanzisha mafunzo kama hayo, na mwaka 1967 akashiriki kuandika kitabu kilichosaidia kueneza mbio za polepole Marekani. Nilipokuja kusoma habari hizo miaka mingi baadaye nilicheka peke yangu. Wao walikuwa wakipima mwendo kwa mazungumzo, sisi tulikuwa tukiupima kwa nyimbo, na hakuna aliyetuambia tuutunze kwa ajili ya uzee.

Majina makubwa ya mbio yalitufikia kwa redio. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akafungwa bandeji, akaendelea, na akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Watoto wa Kasulu walimpigia kelele kila mkimbiaji kwa jina la zama zake. Nilipoanza waliniita Ikangaa. Wazee wa rika langu waliniita Bayi. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo akiwa na umri wa miaka 33, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, na tangu hapo nimekuwa Simbu. Nina miaka 74. Sijapata kupewa heshima kwa bei rahisi namna hiyo.

Hata hivyo, katika habari zote hizo lipo jina ambalo redio haikulitilia mkazo, nalo ndilo linalonihusu zaidi. Aliyeshinda siku ile Akhwari alipoumia alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, naye alikuwa na umri wa miaka 36. Miaka minne baadaye, huko Munich, akiwa na miaka 40, alipata medali ya shaba katika marathoni hiyo hiyo. Suleiman Nyambui wetu naye, mtu wa Majita, alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa katikati ya miaka ya thelathini, baada ya fedha yake ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Mbio ndefu zina huruma hiyo: haziondoki na ujana siku moja. Huchukua kwanza kasi, kisha muda mrefu baadaye ndipo huchukua pumzi, na uvumilivu huachwa hadi mwisho kabisa.

Mimi nilianza kwa sababu isiyo na utukufu wowote. Nilipimwa presha, ikaonekana iko juu, na mwalimu aketiye darasani na ofisini kutwa hana jembe la kuishusha. Nilinunua raba za mitumba sokoni Kasulu, nikaanza kutoka alfajiri kuelekea Kabanga. Nikafanya hivyo mwaka mmoja na miezi.

Ndipo ikaja Oktoba 1993. Tarehe 21 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na kwa muda wa siku chache njia zote za mpakani, upande wetu na upande wa Kibondo, zilijaa watu. Akina mama walikuwa na mikeka na masufuria kichwani, watoto wameshikana mikono kama mnyororo, wazee wamebebwa migongoni. Wengi walikuwa wamekimbia, na namaanisha wamekimbia kweli, usiku, vilima juu na vilima chini, na miguu yao ilionyesha. Asubuhi mojawapo ya juma lile mtu mzima yeyote aliyeonekana mbio barabarani alifanya kijiji kizima kuanza kufunga virago. Nani angesubiri kumwuliza kama anafanya mazoezi?

Niliacha. Woga haukuwa sababu, niliona haya. Sikuona ni kwa uso gani mtu aliyelala kitandani mwake, akala ugali akashiba, angepita mbio kwa ajili ya presha mbele ya watu waliokimbia kuokoa roho na sasa wameketi kwenye majani wakingoja kuandikishwa. Nilikaa bila kukimbia kwa muda wa mwaka na nusu. Wakati huo makambi yalikuwa yakijengwa katika wilaya zetu: Mtabila upande wa Kasulu, Kanembwa upande wa Kibondo, na Novemba 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa.

Aliyenirudisha barabarani alikuwa mkimbizi. Nilikuwa nikienda kambini kwa shughuli za kusaidia shule, na huko nilimkuta mzee mmoja wa Kirundi, aliyekuwa mwalimu kama mimi na mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, akikimbia. Alikuwa akizunguka njia za ndani ya kambi, kati ya nyumba za udongo zenye paa za turubai, kila asubuhi, taratibu sana, akiwa amevaa katambuga. Nilimwuliza, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, swali lile lile ambalo mimi niliulizwa: mzee wangu, unakimbilia wapi? Akanijibu kwamba kule nyuma alikimbia kwa sababu ya watu wengine, na hakutaka ile iwe mbio yake ya mwisho.

Miaka iliyofuata masharti yalikazwa, mkimbizi asitoke zaidi ya kilomita nne kutoka kambini, lakini mzee huyo hakubadili kitu, kwa kuwa njia yake ilikuwa ya mzunguko tangu mwanzo. Agosti 1996 nilimkuta ana redio sikioni. Venuste Niyongabo alikuwa ameshinda mita 5,000 mjini Atlanta, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi, siku tisa tu baada ya mapinduzi ya Buyoya. Zaidi ya ushindi, mzee alifurahia jambo jingine: Niyongabo alikuwa amemwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, kwa kuwa Kwizera aliyemtangulia kwa umri alikuwa ameikosa Olimpiki miaka yote nchi yao ilipokuwa haijaingizwa. "Mdogo amempisha mkubwa," alisema, "na Mungu ameona." Sikubishana naye.

Baadaye nilisoma habari za Ed Whitlock wa Canada, ambaye mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa 2:54:48, na mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, saa mbili au tatu, polepole. Dunia ilistaajabu kwamba mtu anaweza kuzunguka mahali padogo namna ile bila kuchoka akili. Mimi sikustaajabu. Nilikuwa nimemwona mwingine, ingawa huyo hakuchagua uwanja wake.

Sasa nifike kwenye magoti. Mwenye miaka zaidi ya 50 anayetaka kukimbia anapaswa kujua mwili wake unamfanyia nini. Uwezo wa kutumia hewa hupungua kwa takribani asilimia 10 kila miaka 10 tangu ukubwani, na kwa asiyeacha mazoezi hupungua polepole zaidi, lakini hupungua. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka mwaka hadi mwaka. Misuli hupona taratibu: zoezi ambalo kijana wa miaka 25 hulisahau kesho yake, mzee hulikumbuka siku ya tatu. Kano za nyuma ya kisigino huwa kavu asubuhi kama ngozi ya ngoma isiyoanikwa jua, na zisipopashwa moto kwa kutembea kwanza hulipiza kisasi.

Kwa hiyo desturi yangu ni hii. Natembea robo saa, ndipo nakimbia. Nakimbia siku tatu au nne kwa juma, kamwe si siku mbili mfululizo, na mojawapo ya siku hizo ni safari ndefu. Mlima wa kuelekea Heru Juu, kulikokuwa na makao ya watawala wa Heru, naupanda kwa hatua fupi na kuushuka kwa kutembea, maana goti la mzee halivunjwi na kupanda bali na kushuka. Sehemu kubwa ya barabara kuu sasa ni lami, jambo la kushukuru kwa wagonjwa na kwa wenye maharage ya kuuza, lakini lami ni ngumu mguuni. Ukingoni pana udongo mwekundu, nami naufuata huo, isipokuwa masika unapoteleza kama sabuni. Kiangazi vumbi hukaa hewani hadi saa nne, basi lazima kuwahi. Tuko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi ya kufaa kabisa.

Juu ya mwendo, kipimo changu ni salamu. Mzee hawezi kupita katika kijiji cha Kiha bila kusalimiwa, na hawezi kusalimiwa asiitikie. Watoto wa shule huja kwa makundi: "Shikamoo mwalimu!" Ikiwa naweza kusema "marahaba, hamjambo, someni sana" bila kukatika, mwendo ni sahihi. Nikitoa "raba" tupu, nimezidisha, napunguza. Akina mama waendao shamba hawaridhiki na marahaba. Wao wanataka habari za nyumbani, za mgonjwa, za mkutano wa jana, na hapo mtu husimama kabisa. Nimewasikia vijana waliotoka mijini wakilalamika kwamba kijijini saa ya mkononi inaharibiwa na salamu. Kwangu salamu ndiyo saa yenyewe.

Hao akina mama wana hoja yao, na sitaificha, maana ni hoja nzito kuliko zote. "Kama una nguvu za kukimbia, kwa nini huendi kulima?" Wao wameamka saa kumi, wamechota maji, wanapanda kilima na jembe begani na mtoto mgongoni, na jioni watashuka na kuni kichwani. Hakuna kocha atakayewaongezea mazoezi. Jibu langu la kwamba mimi nina pensheni na presha halijapata kumridhisha hata mmoja wao, na kusema kweli sidhani kwamba linapaswa kuwaridhisha. Mbio za kupenda zinataka mtu awe amebakiza nguvu baada ya kazi, na katika nchi hii aliyebakiza nguvu aghalabu ni mwanamume. Nimeona wanawake walimu na wauguzi wakianza kutoka alfajiri, wawili wawili, wamevaa suruali za michezo na kanga juu yake hadi watoke nje ya macho ya mji. Wanawake wakulima sijawaona, wala sitawahubiria.

Mbio za Kilimanjaro zilianza Moshi mwaka 2003, na humo mtu wa kawaida, asiye na bendera kifuani, aliweza kusafiri, kulipa kiingilio na kupewa namba. Mwaka 2009, nikiwa na miaka 58, nilisafiri kwa mabasi kutoka Kasulu, siku mbili za mifupa kugongana, nikakimbia nusu marathoni. Njia yake hupanda kuelekea Mweka, halafu hurudi chini. Kwenye kupanda walinipita vijana mamia, Wazungu wenye chupa za maji kiunoni, na wasichana wakizungumza. Mimi nilikuwa nikiitikia mchakamchaka moyoni, nusu ya mwendo wa kambini. Kwenye kushuka sikuongeza kasi hata kidogo, ingawa watu kandoni walipaza sauti kwamba mzee ongeza, mzee maliza. Nilitumia saa mbili na dakika 40. Kando ya uwanja nilipofika hakukuwa na afande. Kijana mmoja alinivika medali, akasema shikamoo, akageukia aliyekuwa nyuma yangu, na nyuma ya huyo walikuwapo wengine wengi, na wote walivikwa. Nilikaa chini kwenye nyasi kwa muda mrefu nikiwatazama wa mwisho wakiingia.

Nilipomsimulia mzee wangu wa kambini alitaka kujua jambo moja tu, kama njia ile ilikuwa ya mzunguko au ya kwenda na kurudi. Nikamwambia ni ya kwenda na kurudi. Akasema hiyo ni nzuri, kurudi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, naye alivuka mpaka pamoja na wengine. Mwaka 2015 machafuko yalipoanza tena Burundi na wakimbizi kuletwa Nyarugusu, na Nduta ya Kibondo kufunguliwa upya, nilimtafuta katika nyuso zilizokuja. Sikumwona, na hilo nililihesabu kuwa habari njema.

Pale Mtabila sasa pana kikosi cha JKT. Tupo wazee watano tunaokimbia pamoja Jumamosi, mdogo wetu ana miaka 61, na siku moja tulikuwa upande huo asubuhi na mapema tukasikia wimbo unakuja nyuma yetu gizani. Tulisogea kando kwenye udongo. Vijana kama mia moja walitupita kwa mistari mitatu, nyayo zikipiga kwa pamoja, mwimbishaji akitoa sauti pembeni, na mkiani msichana mmoja aliyekuwa akichechemea, amebaki nyuma hatua kama ishirini, na afande akija nyuma yake. Mmoja wetu, ambaye hajaimba mchakamchaka tangu mwaka 1974, alianza kuitikia. Tukaitikia sote. Yule msichana alipofika usawa wetu akapunguza mwendo akashika wa kwetu, na kwa mita kama mia mbili alikimbia katikati ya wazee akiimba, na afande, sijui kwa sababu gani, hakusema neno.